Wapangaji Gani? "The" ya Wingi Katika Mitaa ya Eastlands

Tuchukue ploti ya vyumba 24 kule Umoja, mtaa wa Eastlands jijini Nairobi, yenye mita moja ya maji na landilodi anayeishi mbali. Mwisho wa mwezi msimamizi wa ploti anamtumia landilodi ujumbe. Anauandika kwa Kiingereza, kwa sababu mambo ya pesa Nairobi huandikwa kwa Kiingereza hata na watu wanaoshinda kutwa wakiongea Kiswahili na Sheng: "The tenants have not paid for water." Landilodi anasoma, anapandwa na hasira, anaagiza maji yafungwe. Jioni hiyo wapangaji 15 waliolipa mapema, na wana jumbe za M-Pesa za kuthibitisha, wanapanga foleni ya mitungi kwa mwenye mkokoteni pamoja na wale tisa wasiolipa. Msimamizi anaapa hakusema uongo. Landilodi naye anaapa alitenda kulingana na alivyoambiwa. Kila mmoja ana haki kwa kiasi chake, na kilichowagombanisha ni neno moja dogo la mwanzo wa sentensi.

Darasani neno hilo huelezwa haraka. Kitu kikitajwa mara ya kwanza kinapewa "a". Kikitajwa tena kinapewa "the", maana sasa kinajulikana. Mtoto anakariri na kuibeba kanuni hiyo mpaka kidato cha nne, ambapo Karatasi ya kwanza ya Kiingereza ya KCSE inamwekea kifungu chenye mapengo 10 ya kujaza kwa alama 10, na akiona pengo mbele ya nomino anapachika "the" na kuomba Mungu. Kanuni yenyewe si mbaya, kwa umoja. Taabu ni kwamba kwenye wingi "a" haipo. Kinachoshindana na "the" mbele ya "tenants" ni kimya, yaani nomino isiyotanguliwa na chochote, na kimya hicho kina maana zake, tena zaidi ya moja. Mwanafunzi aliyezoea kuuliza "je, kinajulikana?" anafika kwenye wingi akiwa na swali lisilomfaa. Swali la wingi ni jingine: ni wote? Na kama ni wote, nani kawapigia mpaka?

Hata wanafalsafa walichelewa kulifikia. Bertrand Russell alipochambua "the" mwaka 1905 alitumia mfano wa mfalme wa Ufaransa, nchi ambayo wakati huo haikuwa na mfalme, na hesabu yake yote ilikuwa ya umoja: kipo kimoja, na ni kimoja tu. Mwaka 1980 Richard Sharvy alionyesha kuwa "the" ya umoja na ya wingi zinafanya kazi ileile. Zote mbili hukusanya jumla kubwa kabisa ya vitu vyenye jina hilo mahali panapozungumziwa. "The landlord" wa ploti yetu ni mtu mmoja kwa kuwa jumla yenyewe ni mmoja. "The tenants" ni 24 kwa kuwa jumla ni 24. Ukitaka kujua kama mtu alitumia "the" sawasawa, usimuulize kama aliwataja watu hao hapo awali. Mwulize kama amewachukua wote.

Ukitia ukanushi, mambo yanageuka. "The tenants have paid" ina maana kwamba wote wamelipa. Kwa hiyo mtu angetarajia kwamba "The tenants have not paid" ingemaanisha "si wote waliolipa". Haiko hivyo. Msomaji wa Kiingereza anaisoma kuwa hakuna hata mmoja aliyelipa. Katikati ya sentensi hizo mbili pana pengo, na ndani ya pengo hilo ndimo ilimo hali halisi ya ploti nyingi: 15 wamelipa, tisa bado. Kwa hali kama hiyo sentensi ya kwanza si kweli na ya pili nayo si kweli. Msimamizi alikuwa na jambo la katikati mkononi, akachagua sentensi isiyo na katikati. Kama angeandika "Not all the tenants have paid" landilodi angeuliza orodha. Kama angeandika "All the tenants have not paid", kama wengi wetu tunavyosema, angeongeza utata juu ya utata, kwa sababu sentensi hiyo Mkenya mmoja ataisoma "si wote" na mwenzake ataisoma "hakuna".

Lakini lazima tumtetee msimamizi kidogo, kwa kuwa "wote" wa "the" si wote wa karani wa hesabu. Mlinzi wa usiku akimwambia mgeni aliyefika saa saba za usiku "The tenants are asleep", na chumba cha 17 yumo mwanafunzi anayesomea mtihani kwa mwanga wa simu, hakuna atakayemwita mlinzi mwongo. Alichotaka mgeni kujua ni kama anaweza kupiga honi, na kwa jambo hilo mwanafunzi mmoja hahesabiki. "The" ya wingi huvumilia wachache wanaokiuka pale ambapo kukiuka kwao hakubadilishi jambo linaloulizwa. Pesa ni jambo jingine. Palipo na bili, kila chumba kinahesabiwa peke yake, na uvumilivu huo unakwisha. Msimamizi aliandika kwa uvumilivu wa mlinzi na landilodi akasoma kwa ukali wa mkopeshaji.

Sasa tuje kwenye kimya. Mwaka 1977 Mmarekani Gregory Carlson aliandika tasnifu kuhusu nomino za wingi zisizo na chochote mbele yake, na tangu hapo wanaisimu hawajaacha kuzizungumzia. Kwa ufupi, nomino hiyo hiyo hubadilika maana kufuatana na kitenzi kinachoifuata. "Tenants are shouting at the gate" ina maana kwamba kuna wapangaji wanaopiga kelele getini, pengine watatu. "Tenants pay late" haisemi habari za getini wala za leo. Inasema tabia ya wapangaji kama aina ya watu: ndivyo walivyo. Kwa kitenzi cha tukio unapata "baadhi". Kwa kitenzi cha tabia unapata "aina nzima". Nomino haikubadilika hata herufi.

Mtu wa Kiswahili haoni ajabu hapo akionyeshwa vyombo vyake mwenyewe. Kwa maana ya kwanza sisi tuna "kuna": "Kuna wapangaji wanapiga kelele getini." Kwa maana ya pili tuna "hu-": "Wapangaji huchelewa kulipa." Na kwa "the" tuna njia kadhaa, iliyo wazi kuliko zote ikiwa ni kiambishi cha mtendwa ndani ya kitenzi. Mama akikuuliza "Umelipa bili?" ukajibu "Nimelipa bili", huenda ulilipa stima ukaacha maji. Ukijibu "Nimezilipa", umejifunga: ni zile anazozijua, na hakuna iliyobaki. Kwa watu kiambishi hicho hutumika karibu kila mara, hivyo hakisaidii sana kutofautisha. Kwa vitu kinafanya kazi kubwa. Kiingereza kinabandika kwenye nomino jambo ambalo Kiswahili kinalimaliza kwenye kitenzi. Ndiyo maana Mswahili anayeandika Kiingereza hupoteza "the" bila kujua kapoteza nini: amezoea kitenzi kimfanyie kazi, na kitenzi cha Kiingereza hakina habari.

Usemi wa tabia una hila yake, na naona ndio wenye hatari zaidi kuliko "the" yenyewe, ingawa watu huogopa "the". Sema "Mosquitoes spread malaria" na kila daktari atakubali, ilhali mbu dume haumi kabisa, na kati ya majike ni wa jamii ya Anopheles pekee wanaobeba vimelea vya malaria ya binadamu. Mbu wengi kabisa duniani hawana hatia, na bado sentensi ni kweli. Mwanafalsafa Sarah-Jane Leslie ameeleza kuwa sentensi za aina hii hukubalika kwa urahisi zaidi zinapobeba jambo la kutisha: kitisho kikiwa kikubwa, wachache wanatosha kuwachafua wote. Weka mahali pa mbu "youths from Dandora" na mahali pa malaria wizi wa simu, uone kinachotokea. Msemaji anakuwa na kesi mbili anazozijua, anatoa sentensi inayofunika maelfu, na ukimletea maelfu hao wasio wezi anakuambia kwa utulivu kwamba hakusema wote. Kweli hakusema. Kimya kilimsemea. Angetumia "the youths" ungeweza kumbana: vijana gani, wa barabara gani, wangapi? "The" inadai jumla, na anayedai jumla anaweza kuombwa hesabu. Nomino tupu haidaiwi chochote.

Upande wa pili wa sarafu umechunguzwa na mwanaisimu Eric Acton, aliyechapisha kazi yake mwaka 2019. Alipitia hotuba za wawakilishi katika Bunge la Marekani na kukuta kwamba wabunge walikuwa wepesi zaidi wa kutumia "the" wakilitaja kundi la wapinzani wao. Mrepublican anasema "the Democrats". Akizungumzia chama chake anasema zaidi "Republicans". Maelezo yake ni rahisi: kwa kuwa msemaji angeweza kusema "Democrats" peke yake na akaeleweka, kuchagua "the" kunawafanya watu hao waonekane donge moja lililo mbali naye. Kundi limezungushiwa ua, na msemaji amesimama nje ya ua.

Nairobi hatuhitaji Bunge la Marekani kulisikia hilo. Mkenya anasema "Kenyans are generous". "The Kenyans" ni ya mtangazaji wa riadha wa kigeni anayewatazama wakimbiaji watatu walio mbele, au ya mgeni anayetuchambua. Mkenya akianza kusema "the Kenyans" ujue amekaa ughaibuni au amekasirika. Na Sheng ya Eastlands, ambayo haikuchukua "the" hata kidogo katika maelfu ya maneno iliyoyanyakua kutoka Kiingereza, ina njia yake ya kufikia hapo hapo. "Wasee wa Umoja wako rada" ni sifa. "Hao wasee wa Umoja wako rada" ni onyo. "Hao" iliyotangulizwa mbele ya nomino inafanya yote ambayo Acton aliyakuta: inawakusanya, inawaweka mbali, na inamtoa msemaji miongoni mwao. Jaribu kusema "hao wasee wa mtaa wetu" bila kuonekana umehama.

Ua huo ukifika kwenye sheria unakuwa na bei. Ibara ya 259 ya Katiba ya 2010 inasema kwamba matoleo ya lugha mbalimbali ya Katiba yakigongana, la Kiingereza ndilo linaloshinda. Kwa hiyo mkazi wa Jericho anayesoma Katiba yake kwa Kiswahili anasoma kwa hiari; neno la mwisho lina "the" ndani yake. Na Katiba imejaa "the" za wingi. Ibara ya 138 inataka mgombea urais apate zaidi ya nusu ya "all the votes cast". Machi 2013 Uhuru Kenyatta alipata kura 6,173,433. Tume ya uchaguzi ilikuwa imeingiza kura 108,975 zilizokataliwa kwenye jumla, na jumla ikawa 12,330,028, hivyo yeye akawa na asilimia 50.07, juu ya nusu kwa kura 8,419 tu. Ukiziondoa zilizokataliwa anapanda hadi asilimia 50.5 na nafasi inapanuka hadi kura zaidi ya 62,000. Moses Kuria, Dennis Itumbi na mwenzao mmoja walikwenda Mahakama ya Juu kudai kura zilizokataliwa zisihesabiwe, na mahakama, katika uamuzi wa tarehe 30 Machi uliofuatiwa na sababu kamili mwezi Aprili, iliwakubalia: karatasi iliyokataliwa si kura iliyopigwa kwa ajili ya hesabu hiyo.

Tazama ugomvi ulikuwa wapi. Kiini cha ugomvi hakikuwa "all", wala "the". Kila upande ulikubali kwamba ni zote. Walichobishania ni "cast", yaani ua umepita wapi. Hivyo ndivyo "the" ya wingi inavyofanya kazi kila mahali: inalazimisha jumla iwepo, halafu inakaa kando na kuwaachia watu wapigane juu ya mipaka ya jumla hiyo. Landilodi na msimamizi walikuwa na kesi ya namna hii kwa kiwango cha mita ya maji.

Ibara ya 27 nayo inataka wanachama wa jinsia moja wasizidi theluthi mbili ya "the members of elective or appointive bodies". Sehemu hiyo ina nomino mbili za wingi, moja ina "the" na nyingine haina, na mwandishi wake alijua alichofanya. "Bodies" haina kwa kuwa ni chombo chochote cha aina hiyo, kilichopo na kitakachoundwa kesho. "The members" inayo kwa kuwa huwezi kukata theluthi ya kitu kisicho na jumla. Bunge la Taifa lina wabunge 349 bila Spika. Theluthi mbili yake haifiki 233, kwa hiyo jinsia moja haiwezi kupita 232 na nyingine haiwezi kupungua 117. Bunge halikutunga sheria ya kutimiza hesabu hiyo, na tarehe 21 Septemba 2020 Jaji Mkuu David Maraga akamshauri Rais alivunje. Halikuvunjwa. Lakini angalau hapo hesabu ilikuwa wazi. Ingeandikwa "two-thirds of members" tungebaki tunajadili sarufi tu.

Hapohapo nitaje kosa letu la kitaifa, kama ni kosa. Magazeti yetu na wanasiasa wetu husema "Majority of Kenyans", bila "the" mbele ya "majority". Waingereza huikunjia uso. Mimi siioni kuwa na ubaya: maana haipotei, na Kiingereza cha Kenya kina haki ya kuwa na mazoea yake. Ninayoipinga ni "most of tenants", kwa sababu pale kuna kitu kinapotea. "Most tenants" ni wapangaji kwa jumla, popote walipo. "Most of the tenants" ni wengi kati ya 24 wa ploti hii. "Most of tenants" imekwama katikati na msomaji hajui umesema ipi. Mwalimu mwenye wekundu mchache kwenye kalamu yake autumie hapo.

Neno la Katiba linalowagusa zaidi watu wa Kayole na Kariobangi ni "the youth". Ibara ya 260 inalifafanua kuwa mkusanyiko wa watu wote katika Jamhuri waliofika miaka 18 na hawajafika 35. Ni "wote" iliyopigwa mhuri. Sasa fungua magazeti ya Kiingereza uone yanavyogawa maneno. Serikali ikitoa pesa, kama ilivyofanya kwa hazina ya vijana iliyoanzishwa mwaka 2006, wanaopewa ni "the youth", wa umri wa kikatiba, wa kike na wa kiume. Mawe yakirushwa Barabara ya Jogoo, waliorusha ni "youths", bila "the", na kila msomaji anaona wanaume tu machoni pake. Watu ni walewale. Wakiwa ndani ya "the" ni hazina ya taifa. Wakiwa nje yake ni fujo isiyo na idadi.

Juni 2024 tofauti hiyo ikawa ya damu na moto. Maelfu walijaa barabara za katikati ya jiji kupinga Mswada wa Fedha, na tarehe 25 baadhi yao wakaingia Bungeni. "Protesters entered Parliament" inaeleza kilichotokea: walikuwepo waandamanaji walioingia. "The protesters entered Parliament" inawaingiza wote, akiwemo mwanafunzi aliyekuwa amekaa Moi Avenue na chupa ya maji na bendera. Vichwa vya habari vya magazeti haviwezi kutusaidia, maana huacha "the" ili kuokoa nafasi, na msomaji hawezi kujua kama kimya hicho ni cha maana au cha mhariri anayebana maneno. Ndani ya habari yenyewe, hapo ndipo mwandishi anapaswa kuhukumiwa. Vuguvugu lenyewe lilijinadi kuwa halina kiongozi, halina chama na halina kabila, yaani lilikataa kuwa donge. Wanasiasa waliotaka kuzungumza nalo wakalazimika kutafuta nani wa kuketi naye upande wa pili wa meza, na "the Gen Zs", jina walilobandikwa vijana hao, ikawa jina la mtu asiyekuwepo.

Si kila mkazi wa Eastlands anakosea upande mmoja, na hapa walimu wanaweza kujifunza kwa majirani. Mkongo kutoka Goma au Bukavu anayekaa Kayole amesomea Kifaransa, na Kifaransa hutaka kibainishi hata kwa aina nzima: watoto wote wa dunia wanaopenda sukari ni "les enfants". Akihamia Kiingereza anasema "The children like sugar", na mama mboga anageuka kutafuta watoto gani. Msomali wa Eastleigh lugha yake inabandika kibainishi mwishoni mwa nomino: "buugaag" ni vitabu tu, "buugaagta" ni vitabu vyenyewe. Mganda ana irabu ya mwanzo, "abantu", inayodondoka baada ya kitenzi cha kukanusha, "tewali bantu". Kwa hiyo kwenye dawati moja Mswahili anaiacha "the" inapohitajika, Mkongo anaiweka isipohitajika, na wote wawili wanapata alama ya X ileile na maelezo yaleyale ya "kitu kinachojulikana". Muziki ulikuwa umeshatuonyesha: Les Mangelepa, iliyoundwa na wanamuziki wa Kongo jijini Nairobi mwaka 1976, na Les Wanyika, iliyomeguka kutoka Simba Wanyika miaka miwili baadaye, zilivaa kibainishi cha Kifaransa cha wingi mbele ya majina yao, na mashabiki wa Kenya wakakitamka bila kujiuliza kinafanya nini pale.

Majina ya mahali tuyapite haraka. Kiingereza kwa kawaida hutaka "the" mbele ya jina la mahali lililo kwenye wingi: the Ngong Hills, the Aberdares, the Seychelles. Eastlands yenyewe inavunja kanuni hiyo, na hakuna aliyewahi kusema "the Eastlands" akaonekana mwenyeji. Klabu ya soka ya Kariobangi Sharks nayo hucheza bila "the".

Panapobaki penye uzito kuliko darasani ni mahakamani. Mahakama ya Makadara iko ndani ya Eastlands, na kesi nyingi za mitaa hii huishia pale: vita vya ploti, wizi wa simu, fujo za kituo cha matatu. Mashahidi wengi hutoa ushahidi kwa Kiswahili. Kumbukumbu huandikwa kwa Kiingereza, kupitia mkalimani. Shahidi anasema: "Vijana walikuja wakanipiga wakachukua mzigo." Kiswahili chake ni kizuri na hakina upungufu, waliokuwepo walielewa. Lakini anayeandika hawezi kuandika sentensi hiyo kwa Kiingereza bila kuamua. "Youths came and beat me" inamwacha huru kila aliye kizimbani mpaka atambuliwe mmoja mmoja. "The youths came and beat me" inawakusanya washtakiwa wanne walioketi pale, kana kwamba shahidi amewanyooshea kidole, na bado hajafanya hivyo. Uamuzi huo hufanyika kwa nusu sekunde, kalamu ikikimbilia sentensi inayofuata.

Siku ya kuhojiwa na upande wa utetezi, wakili anafungua kumbukumbu na kusoma "the youths". Anamuuliza shahidi: ulisema wote wanne walikupiga? Shahidi anashangaa. Yeye hakusema wote, wala hakusema baadhi, alisema vijana. Mkalimani mwangalifu angeweza kumsimamisha tangu siku ile ya kwanza na kumuuliza, "Vijana gani, na walikuwa wangapi?" Tatizo ni kwamba hilo lingekuwa swali, na mkalimani hakuletwa kuuliza maswali. Wakili yeyote aliye macho angesimama papo hapo kupinga.